Bingwa kwenye mizani: uchambuzi wa kisa cha Fred Archer, 1886

Alasiri ya Jumatatu, tarehe 8 Novemba 1886, mjini Newmarket, Uingereza, mgonjwa wa homa alitaka muuguzi atoke chumbani ili abaki na dada yake. Muuguzi akatoka. Dada alikuwa dirishani akitazama nje aliposikia sauti nyuma yake ikiuliza: "Wanakuja?" Kugeuka, akamwona ndugu yake ameshuka kitandani, bastola i mkononi. Alimrukia ampokonye, wakavutana, akazidiwa nguvu.

Marehemu alikuwa Fred Archer, mpanda farasi wa mashindano, au joki kama tunavyomwita mtu wa kazi hiyo. Umri wake miaka 29. Kwa misimu 13 mfululizo, kuanzia 1874 hadi mwaka aliokufa, hakuna joki Uingereza aliyeshinda mbio nyingi kumpita. Alipanda mara 8,084 akashinda mara 2,748. Kati ya zile mbio tano kubwa wanazoshindania farasi wa miaka mitatu alizoa ushindi 21, Derby tano zikiwamo. Hakuwa na deni la kumtoa usingizini. Mali aliyoacha ilipita pauni 60,000, utajiri mkubwa kwa mtu wa zama hizo aliyeingia kazini akiwa mtoto wa zizini.

Watu walipouliza kwa nini, jibu lilipatikana haraka: homa ya matumbo. Baadaye waandishi wa michezo wakaongeza la pili: njaa, maana jamaa alikuwa akijinyima chakula apate kupanda. Majibu yote mawili yana ukweli. Kinachonivuta ni kwamba yote mawili ni ya mwili, na kwamba lile la tatu, ambalo kila jirani alilijua, halikupewa nafasi. Archer alikuwa mgane. Mkewe alikufa katika wiki ileile ya Novemba, miaka miwili nyuma.

Mwili ndio mtaji

Archer alizaliwa Cheltenham mwezi Januari 1857. Baba yake, William Archer, alikuwa joki pia, na alishinda Grand National, mbio kubwa za kuruka viunzi, ya 1858, mwanawe akiwa na mwaka mmoja tu. Kwa hiyo ukiuliza kama kijana alichagua kazi hii, jibu ni kwamba aliikuta nyumbani. Akiwa na miaka 11 alipelekwa Newmarket kwa mkufunzi wa farasi Mathew Dawson, akakulia zizini. Shule hakuipata ya maana, na kalamu haikuwa rafiki yake hata utu uzimani. Hili tuliweke akilini: mtu tunayemchambua hakuacha shajara, na wanaume waliomzunguka hawakuwa na desturi ya kuulizana mambo ya moyoni.

Tatizo lake la kwanza lilikuwa urefu. Alifika karibu sentimita 178, kimo cha kawaida kwa askari au mkulima, balaa kwa joki. Wakati wa baridi, mbio za uwanda, zile zisizo na viunzi, zikisimama, alikula kama watu na uzito wake ukapanda hadi karibu kilo 70. Msimu ukifunguliwa ilimpasa ashuke hadi kilo 54 au zaidi ya hapo chini. Karibu robo ya mwili wake iliyeyushwa kila mwaka, kisha ikarudi, kisha ikayeyushwa tena.

Aliiyeyushaje? Mafuta ya mbarika asubuhi, biskuti, kinywaji kidogo cha shampeni. Hamamu aliijenga humohumo nyumbani, akikaa kwenye mvuke hadi jasho liishe. Na kulikuwa na haluli kali aliyotengenezewa na daktari wa Newmarket, ambayo watu wa mbio waliiita kwa jina lake mwenyewe, dawa ya Archer. Hebu fikiria dawa ya kuharisha iliyobeba jina la bingwa wa taifa, kama leo kiatu cha mpira kinavyobeba jina la mshambuliaji. Kujitesa hakukuwa siri. Kulikuwa sifa.

Wasiozoea mchezo huu wanahitaji kujua kidogo habari za mizani. Kabla ya mbio joki huingia chumba cha mizani akiwa na mavazi ya rangi za mwenye farasi, tandiko mkononi, akakaa apimwe. Mbio zikiisha, aliyeshika nafasi za mbele hurudi kupimwa tena ili ithibitike hakupunguza kitu njiani. Akizidi uzito uliopangiwa farasi wake, tofauti hutangazwa hadharani, na wacheza kamari wanaisikia. Ni kazi chache sana duniani ambazo unaanza na kumaliza zamu kwa kuwekwa kwenye mizani mbele ya mashahidi. Kwa hiyo kila siku ya msimu kulikuwa na mtu anayejua Archer ana kilo ngapi, na kumbukumbu iliandikwa.

Ya moyo wake haikuwa na mizani wala mwandishi.

Tunajua leo njaa ya muda mrefu humfanya nini mtu. Mwaka 1944 na 1945 Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilifanya jaribio maarufu chini ya mtaalamu Ancel Keys. Wanaume 36 wenye afya walijitolea kula chakula pungufu kwa muda wa wiki 24 mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Kumbe si misuli peke yake iliyosinyaa. Wengi wao waliingiwa na majonzi, hasira za ovyo, uchovu wa kutotaka kuonana na watu, na akili zao zikawa zinazunguka chakula mchana kutwa. Walikuwa watu waliopimwa akili kabla ya kuanza na kuonekana wazima. Robo ya mwili, mara moja maishani, kwa hiari, chini ya madaktari. Archer aliifanya kila mwaka, na kwa haraka zaidi, akiwa juu ya farasi anayekimbia.

Mwaka wa ushindi 246

Tarehe 31 Januari 1883 Archer alimwoa Helen Rose Dawson, binti wa ukoo wa wakufunzi uleule uliomlea. Mwezi Januari 1884 wakapata mtoto wa kiume ambaye hakuishi. Novemba mwaka huohuo mke akajifungua binti, na saa chache baada ya uzazi akapatwa na degedege, akafariki. Archer alikuwa na miaka 27. Alibaki na kichanga mkononi na nyumba mpya aliyoijenga kwa ajili ya familia.

Desturi ya Uingereza ya wakati ule ilimtaka mjane avae nguo nyeusi na kujitenga na watu kwa miaka miwili au zaidi. Kwa mgane hali ilikuwa tofauti: kitambaa cheusi kofiani, miezi michache, kisha arudi kazini, na kurudi kwake kulihesabiwa uungwana. Archer alipanda meli akaenda Marekani kupumzika majira hayo ya baridi. Kulipokucha msimu wa 1885 alikuwa tandikoni.

Na alipanda kama mtu aliyepandwa na jini. Mwaka huo alishinda mara 246, rekodi ambayo haikuvunjwa hadi joki Gordon Richards alipoipita mwaka 1933. Kati ya mbio tano kubwa alishinda nne: 2000 Guineas juu ya farasi Paradox, Oaks juu ya Lonely, na zote mbili Derby na St Leger juu ya Melton. Ukitazama daftari la mbio tu, bila kujua lolote jingine, utasema huu ndio mwaka bora wa maisha yake.

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa hiki. Mtu mwenye sonona tumezoea kumwaza amelala, haogi, haendi kazini. Wapo wa namna hiyo. Lakini wapo wengine ambao kazi ndiyo inakuwa ganzi yao. Mbio sita kwa siku, treni usiku kwenda mji mwingine, mvuke asubuhi, mizani, mbio tena. Ratiba kama hiyo haimwachii mtu nafasi ya kukaa na chumba kitupu. Ikifika jioni mwili umechoka kiasi kwamba usingizi unakuja wenyewe. Kwa nje anaonekana amepona. Kwa kweli ameahirisha.

Na wanaomzunguka wana sababu ya kuamini amepona, kwa kuwa kila mmoja wao anafaidika. Mwenye farasi anapata kikombe, mkufunzi anapata wateja, mcheza kamari anapata chake. Ni nani kati yao angemfuata bingwa aliyeshinda mara 246 akamwambia, bwana, naona hauko sawa, pumzika? Kipimo pekee cha hali ya joki kilikuwa matokeo, na matokeo yalisema yu mzima kuliko alivyopata kuwa.

Tuna methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua. Naipenda kwa mambo ya tumbo na vidonda, ila kwa kisa kama hiki inaniacha na swali. Methali inamlaumu mfichaji. Archer hakuficha ujane wake, ulitangazwa magazetini. Hakuficha kukonda kwake, kulionekana usoni. Alichokosa ni mtu wa kuyapokea maradhi hayo kwa jina lake.

Majuma mawili ya mwisho

Mwaka 1886 ulianza vizuri vilevile. Farasi bora wa zama hizo, Ormonde, alimpa Derby na St Leger. Lakini palikuwa na mbio moja kubwa ambayo haikuwahi kumkubali, Cambridgeshire, inayokimbiwa hapohapo Newmarket mwishoni mwa Oktoba. Hizi ni mbio za kusawazisha: farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi, mnyonge hupunguziwa, ili wote wawe na matumaini. Duchess wa Montrose alitaka Archer ampandie farasi wake St Mirin. Uzito aliopangiwa St Mirin ulikuwa karibu kilo 53.5.

Siku chache kabla yake Archer alikuwa Ireland, amepanda kwenye uwanja wa Curragh, na uzito wake ulikuwa juu. Ilibidi ashuke kwa kishindo. Inasimuliwa kuwa alikaa siku tatu bila kutia chakula kinywani, akitegemea mvuke na dawa yake. Siku ya mbio, 26 Oktoba, alipokaa kwenye mizani bado alizidi kwa ratili moja, kama nusu kilo. Ikatangazwa.

Akashindwa kwa urefu wa kichwa cha farasi. Aliyempita alikuwa The Sailor Prince.

Nusu kilo na kichwa cha farasi. Watu wa mbio wamezihesabu hesabu hizo mara nyingi, kwamba lau angekuwa mwepesi kidogo tu angeshinda. Sijui kama yeye mwenyewe alizihesabu usiku ule, lakini joki yeyote angezihesabu. Mtu aliyejinyima siku tatu akashindwa kwa kichwa hana hata faraja ya kujiambia hakufanya bidii.

Baada ya hapo hakupumzika. Baridi ilikuwa imeingia, mwili hauna mafuta, na bado alikwenda kupanda Brighton, kisha Lewes. Tarehe 4 Novemba, akiwa na homa, alipanda Lewes kwa mara ya mwisho na akarudi Newmarket akiwa mgonjwa hasa. Madaktari wakaitwa, wakatambua homa ya matumbo.

Ugonjwa huo kabla ya dawa za viuavijasumu ulikuwa jambo la kuogofya. Jina lake la kitaalamu linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya moshi au ukungu, kwa sababu ya namna unavyotanda akilini mwa mgonjwa: anaweweseka, hatambui watu, anaona visivyokuwepo. Kwa hiyo wanaosema homa ilimvuruga Archer hawasemi uongo. Hata swali lake la mwisho, "Wanakuja?", laweza kuwa la mtu anayeona watu ambao hakuna mwingine anayewaona.

Ila homa ya matumbo iliwapata maelfu ya Waingereza kila mwaka, na wengi wao waliweweseka bila kufanya alichofanya. Ukitaka kuelewa huyu mmoja lazima uiweke homa juu ya kile ilichokikuta: mwili usio na akiba, akili iliyoshindishwa njaa, mtu mwenye majonzi ya miaka miwili ambayo hayakuwahi kuliliwa, kushindwa kwa hivi karibuni mbele ya taifa zima, na kalenda inayoonyesha wiki aliyomzika mkewe. Na zaidi ya yote hayo, silaha iliyokuwa karibu na kitanda, aliyoiweka kwa hofu ya wezi. Wahudumu wa afya ya akili wa leo hili la mwisho wanalitilia mkazo sana, kuliko tunavyodhani. Kipindi kikali cha kutaka kufa mara nyingi ni kifupi, na mtu asipopata chombo karibu, hupita. Muuguzi alikuwepo, dada alikuwepo, madaktari walikuja na kutoka. Walikuwa wanaiangalia homa. Hakuna aliyefikiria kuangalia droo.

Hukumu ya huruma

Kisheria, kujiua kulikuwa kosa la jinai Uingereza hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1961. Mwaka 1886 baraza la wazee lililokaa kuchunguza kifo cha aina hii lilikuwa na njia mbili. Likisema marehemu alijiua akiwa na akili timamu, anahesabiwa mhalifu wa nafsi yake, na Kanisa la Uingereza halimzikii kwa ibada yake. Likisema akili yake ilikuwa imevurugika wakati ule, anazikwa kama mtu mwingine yeyote.

Kwa Archer wakachagua la pili, na homa ikawarahisishia. Akazikwa Newmarket karibu na mkewe, maduka ya mji yakafungwa, watu wakajaa. Wazee wale walifanya wema na siwalaumu hata kidogo. Walimwokoa marehemu na dhiki ya kuzikwa kama mbwa, na binti yake mwenye miaka miwili wakamwokoa na aibu ya kukua nayo.

Lakini tazama wema huo ulijengwa juu ya nini. Ili Archer asamehewe ilibidi akili yake iwe imeharibika kwa muda tu, kwa sababu ya nje, kama mvua inayonyesha na kukatika. Ikiwa kivurugo kilianza na homa siku nne zilizopita, basi kabla ya hapo alikuwa mzima, na wote waliomwona kabla ya hapo hawakuwa na la kuona. Ujane, njaa, ratiba ya kichaa, dawa ya kuharisha: vyote vikafutwa katika sentensi moja. Hukumu ilimsafisha marehemu, na papo hapo ikausafisha mchezo.

Unyanyapaa tumezoea kuupima kwa matusi na kejeli. Hapa haukuwa na tusi hata moja. Ulikuja umevaa huruma, ukashika mlango wa pembeni: ugonjwa wa mwili unatamkika, ule mwingine hapana.

Kwa nini joki hasemi

Twende mbele miaka 130. Je, joki wa leo yuko mahali pazuri zaidi? Kwa mambo mengi, ndiyo. Lakini kiini cha kazi hakijabadilika sana, na nadhani wanaoeleza ukimya wa majoki kwa "uanaume" pekee wanaishia njiani. Uanaume upo, sikatai. Jikaze kisabuni ni lugha ya chumba cha mizani popote pale. Ila nyuma yake kuna mkataba.

Majoki wengi hawana mshahara. Wanalipwa kwa kila farasi wanayempanda, na sehemu ya zawadi wakishinda. Asubuhi simu inalia au hailii. Anayeamua ni mkufunzi na mwenye farasi, nao hawahitaji kutoa sababu ya kumwita mwingine. Akivunjika bega, bega litapona kwa wiki fulani na kila mtu anajua atarudi. Akisikika kwamba kichwa chake hakiko sawa, mnong'ono unaoenea ni mmoja tu: ameingiwa woga. Na woga kwa joki ni kama upofu kwa rubani. Nani atampa farasi wa thamani mtu anayedhaniwa atavuta hatamu kabla ya kiunzi? Kwa hiyo anayenyamaza hajakosa ujasiri. Amepiga hesabu ya kodi ya nyumba.

Kuna jambo dogo linaloonyesha tofauti hii vizuri. Joki wa Uingereza akianguka akagonga kichwa, daktari wa uwanja huweka alama nyekundu kwenye kumbukumbu zake za matibabu. Mwenye alama hiyo hapandi popote hadi aruhusiwe, na hakuna mkufunzi wa kumbembeleza wala yeye mwenyewe wa kujifanya mzima. Uamuzi umetoka mikononi mwake, na kwa sababu hiyo hauna aibu: si yeye aliyeomba kupumzika. Huzuni haina alama nyekundu. Mwenye nayo lazima ainue mkono mwenyewe, na gharama ya kuinua mkono anaibeba mwenyewe.

Nikiambiwa nitaje kitu kimoja kilichokosekana Newmarket mwaka 1885, nitataja hicho: mtu wa kati, mwenye mamlaka, asiyefaidika na ushindi, ambaye angeweza kumwambia bingwa "hupandi mwezi huu" na bingwa akapokea bila kuonekana amekimbia.

Mtu wa namna hiyo, daktari, alijitokeza Julai 2016. Kieren Fallon, mzaliwa wa Clare, Ireland, bingwa wa Uingereza mara sita na mshindi wa Derby tatu, alistaafu akiwa na miaka 51. Tangazo halikuja kama hotuba ya kuaga. Lilitoka kwa Adrian McGoldrick, daktari mkuu wa chombo kilichosimamia mbio Ireland wakati huo, na lilisema wazi kwamba Fallon anaacha kwa sababu ya sonona na kwamba anatibiwa. Daktari alilitaja neno kama ambavyo angetaja goti. Ukiyaweka matangazo mawili ubavu kwa ubavu, la baraza la wazee la 1886 na la daktari wa 2016, yote yanatoka kwa wakubwa, yote yanamhusu bingwa, yote yanataka kumlinda. La kwanza lilimlinda kwa kuuficha ugonjwa, la pili kwa kuutaja.

Hata hivyo sitaki kulipamba. Fallon alikuwa anaondoka. Kusema ukiwa mlangoni ni rahisi kuliko kusema ukiwa ndani, ukingojea simu ya kesho.

Mengine yaliyobadilika nitayapitia upesi. Mfuko wa kuwasaidia majoki walioumia, Injured Jockeys Fund, ulianza 1964 baada ya majoki wawili, Tim Brookshaw na Paddy Farrell, kupooza kwa kuanguka. Leo una nyumba tatu za matibabu Uingereza, na msaada wake umevuka mifupa hadi mambo ya akili. Chama cha majoki kina simu ya ushauri inayopokewa usiku na mchana. Mwaka 2021 viwanja vya Uingereza viliamua kutorudisha vyumba vya sauna, vile ambavyo vizazi kwa vizazi viliwasaidia majoki kukamua maji ya mwisho kabla ya mizani. Wapo waliolalamika kwamba sasa wanakamua nyumbani kwenye beseni la maji ya moto, na nadhani wana haki ya kulalamika: ukiondoa chombo bila kupandisha uzito wa kutosha, jasho linahama tu. Uzito wa chini umepandishwa, lakini kwa ratili chache, ilhali watoto wanaoingia kazini wanazidi kurefuka kizazi baada ya kizazi. Archer wa leo mwenye sentimita 178 bado angekuwa na njaa.

Mfano ninaoupa uzito kuliko wa Fallon ni wa joki asiye na jina kubwa kama lake. Ni Mark Enright, Muayalandi aliyepanda mbio za kuruka viunzi. Alieleza hadharani kwamba ameugua sonona, na alieleza akiwa bado anapanda, katika umri ambao joki ana miaka mingi ya kutafuta farasi mbele yake. Baada ya kusema, alirudi chumba cha mizani kilekile, kwa wakufunzi walewale waliokuwa wamesoma habari zake. Hapo ndipo hoja yangu ya mkataba inapopimwa: simu italia au haitalia?

Ililia. Mwaka 2018 mkufunzi Gordon Elliott alimpa farasi aitwaye Clarcam kwenye Galway Plate, moja ya mbio kubwa za kiangazi Ireland. Kwenye ratiba ya siku hiyo jina la Enright liliandikwa kama ya wengine, mkabala na jina la farasi na uzito atakaobeba. Alikaa kwenye mizani, akatoka, akampeleka Clarcam mbele, na hakuna aliyempita hadi mwisho.